Kurasa Juu ya Bomba

Kitabu kilikuja ndani ya shuka za wodi ya nne,
kimesokotana na foronya na soksi moja ya kijivu,
kikapitia maji yote: ya baridi, ya moto, ya dawa.
Mashine ilipokitema kilikuwa kizito kama ini.
Zenta akasema, Tupa, Mirdza.
Sikutupa. Usiniulize kwa nini.

Kusoma nilijua, tuelewane.
Nilisoma bili ya umeme, vibandiko vya sabuni,
matangazo ya vifo katika gazeti la Ijumaa,
kwanza miaka ya marehemu, halafu jina.
Ila kitabu, jalada kwa jalada, sikukigusa
tangu darasa la sita, mwalimu Brencis
akigonga dawati kwa penseli
kila neno liliponiponyoka,
to, to, to,
na darasa likicheka kwa mapigo yaleyale.
Nikaapa: sisomi tena, ng'o.
Kiapo cha mtoto hakina tarehe ya kuisha.
Changu kilinifikisha miaka hamsini na mmoja.

Nje, Valmiera ilikuwa imezama kwenye theluji;
chini, kwenye chumba chetu cha kufulia,
joto la kuumulia unga.
Nikakilaza kitabu juu ya bomba la mvuke,
nikabandua ukurasa wa kwanza kwa kisu cha siagi,
polepole, kama plasta kwenye goti la mtoto.
Ulihitaji nusu saa kukauka.
Nusu saa unakaa na ukurasa, unaufanyaje?
Nikausoma.

Mwanamke alikuwa akishuka ngazi ameshika taa,
na ngazi ikakatikia pale, mwisho wa mstari.
Ukurasa wa pili ulikuwa bado maji.
Nilikunja shuka mia mbili mchana ule
na yeye kasimama, mguu mmoja hewani.

Ndivyo tulivyokwenda, wiki tatu.
Siku nyingine kurasa nne, siku nyingine mbili;
karatasi ndiyo iliyopanga mwendo,
na karatasi haina penseli.
Neno likinikwama nililiacha likauke nalo.
Jumatano moja Zenta akauliza, bila kunitazama,
Yule mama kashafika chini?
Nikamsomea kwa sauti. Mimi!
Nilijikwaa, nikarudi, nikajikwaa palepale,
vikaushio vikinguruma juu ya makosa yangu
kama ndugu wanaositiri aibu.

Kutoka ukurasa wa tisini hadi wa mia na kumi
ulikuwa uji mtupu.
Nikavaa koti, nikaenda maktaba,
mlango niliopita mbele yake miaka thelathini
nikidhani ni wa watu wengine.
Kijana aitwaye Gundars, mwenye doa la wino kidevuni,
akaniuliza jina la kitabu.
Jina limeliwa na dawa, nikamwambia.
Kuna ngazi. Kuna taa. Kuna kaka mtu
aliyeuza farasi asiye wake.
Hakucheka. Alikuna kichwa, akapotelea kwenye rafu,
akarudi na vitatu: huenda ni hiki, au hiki, au hiki.
Hakikuwamo.
Cha kwanza nilikijua ndani ya basi kwamba sicho,
na bado nikapitiliza vituo viwili.

Sijakipata mpaka leo.
Nimeshasoma arobaini na kimoja visivyo chenyewe.
Gundars anaviandika kwenye kadi yangu,
kadi ya pili sasa, ameibana na ile ya kwanza kwa pini.

Cha kwetu kipo kabatini, kimevimba kama mkate,
nusu yake ya mwisho ingali imegandana.
Zenta hunikumbusha kisu kiliko.
Najua kiliko.
Nakitoa, nakifuta, nakirudisha.